Kifungu cha 6: Ufipa na Palestina chini ya Mdhamini Mmoja

Wazee wa Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, husimulia kwamba mwene wa kwanza wa Ufipa, yaani mtawala wake, alishuka kutoka mbinguni. Jina lake Ntatakwa. Kisha wakafika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Twa, mwene akiwa mawindoni. Mkubwa wao aliingia ndani akakalia kigoda cha enzi. Mwene aliporudi na mbwa wake alikuta kiti kina mwenyewe. Walipanda pamoja mlima Itwelele, nchi ikaoneshwa kwa kidole, huku na huku hadi mwisho wa macho, na wakaafikiana: utawala uende kwa Twa, Milanzi ibaki na mwene wake, na katika mambo ya mila Milanzi itangulie.

Baadaye nyumba ya Twa nayo ilipasuka, zikawa nchi mbili, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alikijenga kitabu chake cha 1981 juu ya simulizi hii na namna dola ilivyokua uwandani. Wapo wanaoisoma kama hadithi ya ujanja wa wageni, na wapo wanaoisoma kama mkataba. Milanzi wenyewe hawakuacha kujiona watangulizi, wala Twa hawakuacha kujiona watawala halali, na watu walilima.

Nimeanzia hapo kwa sababu Sumbawanga, kila mazungumzo ya Palestina yanapoanza, yanaanza na swali hilo hilo la nani alitangulia. Oktoba 2023, siku chache baada ya shambulio la Hamas na mabomu ya kwanza juu ya Gaza, nilisimama sokoni mbele ya meza ya dagaa. Muuzaji alikuwa mzee wa Kirando, kofia nyeupe kichwani, redio ndogo pembeni ya mizani. Mteja wake alikuwa kijana anayetoka misa, vitabu vyake vya sala bado mkononi.

"Shikamoo mzee. Ile nchi si Mungu alimpa Abrahamu? Imeandikwa."

"Marahaba mwanangu. Imeandikwa, sikatai. Lakini aliyekuwa analala humo jana, usiku huu umlaze wapi?"

Kijana alijibu, mzee akajibu, na waliokuwa kwenye foleni wakagawanyika. Nilinunua dagaa wangu nikaondoka, nikijua kwamba katika maneno yote yaliyosemwa pale hakuna aliyekumbuka kuwa swali la Palestina lilishapita Ufipa, likiwa limeandikwa kwenye karatasi, na kwamba babu zetu na babu za Wapalestina waliwahi kuwa chini ya mdhamini mmoja.

Tuanze na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ufipa ilikuwa chini ya Wajerumani, na boma lao lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, walipopaita Bismarckburg. Tarehe 8 Juni 1916 majeshi ya Waingereza waliotokea kusini yaliliteka boma hilo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 11 Desemba 1917, Jenerali Allenby wa Uingereza aliingia Yerusalemu kwa miguu, akiwa amewatoa Waturuki. Kasanga na Yerusalemu zikawa mali za aina moja: ardhi iliyotoka mikononi mwa adui aliyeshindwa. Washindi waliona haya kuziita makoloni mapya, wakabuni udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Julai 1922 Baraza la Shirikisho liliidhinisha hati zote mbili, ya Tanganyika tarehe 20 na ya Palestina tarehe 24. Mdhamini wa zote mbili alikuwa Uingereza.

Udhamini ulikuwa na madaraja. Nchi zilizotoka kwa Waturuki ziliwekwa daraja A, na Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Shirikisho kilisema zimefikia kiwango cha kutambuliwa kwa muda kuwa mataifa huru, zikisaidiwa tu hadi zisimame zenyewe. Tanganyika iliwekwa daraja B, la watu walioonekana bado mbali sana na kujitawala. Kwa maandishi ya Geneva, basi, mkulima wa Nablus, Palestina, alikuwa hatua kadhaa mbele ya mkulima wa Mwazye, hapa Ufipa. Tarehe 9 Desemba 1961 mkulima wa Mwazye alipandishiwa bendera yake. Wa Nablus hajapata nchi huru hadi leo.

Kwa nini? Nimesoma hati zote mbili, na kila ninaporudi kuzisoma nasimama mahali pale pale. Ni kifungu cha 6. Katika hati ya Tanganyika, kifungu cha 6 kinamtaka mdhamini azingatie sheria na desturi za wenyeji katika mambo ya ardhi, alinde haki zao, na kuzuia ardhi ya mwenyeji isihamie kwa asiye mwenyeji bila ridhaa ya serikali. Katika hati ya Palestina, kifungu chenye namba hiyo hiyo kinamtaka mdhamini arahisishe uhamiaji wa Wayahudi na kuhimiza makazi yao juu ya ardhi, ikiwemo ardhi ya dola na ardhi isiyotumika, ilimradi haki za watu wengine zisidhurike. Huku mdhamini alipewa kazi ya kuilinda ardhi kwa ajili ya waliokuwa wakiilima. Kule alipewa kazi ya kuwakaribisha wengine juu yake, na pia ya kuhakikisha mwenye shamba hadhuriki. Kazi hizo mbili hazikuweza kukaa chungu kimoja.

Maneno "ardhi isiyotumika" yanamgusa Mfipa kwa namna yake. Uwanda wetu, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, hauna miti mingi ya kukata na kuchoma kama kwa jirani zetu. Wakulima wa hapa walibuni intumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze, kisha udongo ule wenye rutuba hutawanywa na kupandwa ulezi. Shamba la namna hiyo hupumzishwa. Mpimaji aliyetoka Ulaya akilikuta limelala, angeandika kwenye daftari lake kwamba ni mbuga tupu. Vijiji vingi vya Palestina navyo vililima ardhi ya pamoja, musha kwa Kiarabu, iliyogawanywa upya kati ya familia kila baada ya muda, bila hati yenye jina la mtu mmoja. Ardhi ya namna hiyo ni rahisi kuuzwa na mtu wa mbali asiyewahi kuipiga jembe.

Afrika Mashariki iliwahi kutahiniwa na jambo hilo moja kwa moja. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimdokezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, juu ya nchi kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wakichinjwa na kufukuzwa huko Urusi, na eneo lililotajwa lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Kongamano la Wazayuni lililokaa Basel mwaka huo lilipiga kura kutuma tume ya kuuangalia, na mwaka 1905 wazo likakataliwa. Laiti lingekubaliwa, leo tungekuwa tunabishana kuhusu Wanandi. Sina chembe ya kejeli kwa Herzl. Watu wake walikuwa wanakufa. Ila dawa ilitafutwa kwa jirani asiyeulizwa, na jirani huyo alikaribia kuwa sisi.

Walioendesha udhamini huo walikuwa watu wale wale. Sir Harold MacMichael alikuwa Gavana wa Tanganyika tangu 1934, sahihi yake ikifika mpaka Ufipa kupitia kwa maofisa wa wilaya. Mwaka 1938 aliondoka Dar es Salaam, akaenda Yerusalemu kuwa Kamishna Mkuu wa Palestina, akaikuta nchi katikati ya uasi wa Waarabu ulioanza 1936. Aliyempokea kiti Tanganyika, Sir Mark Young, alikuwa ameshatumikia Palestina kama Katibu Mkuu wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1930. Naye Sir William Battershill, gavana wetu kuanzia 1945 hadi 1949, alikuwa Katibu Mkuu huko Yerusalemu kati ya 1937 na 1939. Magavana watatu ndani ya miaka kumi na mitano. Mabwana hawa walilala Yerusalemu na Dar es Salaam kama mwalimu anayehamishwa shule, na kila kituo walisoma kifungu cha 6 cha pale walipo.

MacMichael alichukiwa huko na pande zote. Mwaka 1939 Uingereza ilitangaza kuwa Wayahudi watakaoingia Palestina wasizidi 75,000 kwa miaka mitano, na milango ikabanwa wakati ule ule ambapo Ulaya iligeuka machinjio yao. Agosti 1944 wapiganaji wa Lehi, kundi la Kiyahudi, walimvizia njiani wakajaribu kumuua. Alinusurika. Mtu aliyeondoka Tanganyika bila risasi moja nyuma yake alikuwa ametumwa kutekeleza ahadi mbili zilizokuwa zikivutana.

Isidhaniwe kwamba kifungu chetu kilikuwa ngao ya chuma. Mwaka 1951 serikali hiyo hiyo ya udhamini iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi, na nyumba zikachomwa. Mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York mwaka 1952 kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini alisikilizwa, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mdhamini ana mkubwa wake. Machi 1955 Nyerere alifuata njia hiyo hiyo, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ufipa ilibahatika zaidi ya Meru. Ilikuwa mbali, reli haikufika, na walowezi walikuwa wachache mno.

Baraza hilo la Udhamini lilikaribia kuwa baraza la Yerusalemu pia. Azimio namba 181 la tarehe 29 Novemba 1947, lililopita kwa kura 33 dhidi ya 13 huku nchi 10 zikijizuia, liliigawa Palestina kuwa dola mbili, ya Wayahudi na ya Waarabu, na kuuacha mji wa Yerusalemu chini ya Baraza la Udhamini, lile lile lililokuwa likipokea taarifa za Tanganyika. Viongozi wa Wayahudi walilikubali azimio. Waarabu walilikataa, wakiuliza kwa haki gani nchi inagawiwa na wasiokaa humo. Tarehe 14 Mei 1948 Israeli ikatangazwa, majeshi ya nchi jirani yakaingia, na vita vilipokwisha Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa nje ya nyumba zao. Wao huita mwaka ule Nakba, yaani maangamizi. Miaka iliyofuata, mamia ya maelfu ya Wayahudi nao walitoka nchi za Kiarabu, wengi kwa hofu na kwa kunyang'anywa, na wengi wao wakapokewa Israeli. Dola ya pili ya azimio haikuzaliwa.

Kuna uzi mwingine unaotufunga na Yerusalemu, nao sijausikia ukitajwa hata kanisani. Wamisionari waliofika Karema mwaka 1885, kisha wakapandisha imani hadi uwandani, ni shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie. Kanzu zao nyeupe zilitokana na mavazi ya Waalgeria, ndiyo maana tuliwaita Mapadri Weupe. Tangu 1878 shirika hilo hilo limekuwa likitunza kanisa la Mtakatifu Anna ndani ya Mji Mkongwe wa Yerusalemu, na mwaka 1882 likafungua pale seminari ya mapadri Wamelkiti, Wakristo ambao lugha yao ni Kiarabu. Padri aliyembatiza bibi yangu wa Kifipa alikuwa na ndugu wa shirika lake akiwafundisha vijana wa Kipalestina kuimba misa. Sisi tulirithi Yerusalemu ya Zaburi. Ile yenye Wakristo Waarabu wanaooka mikate asubuhi hatukuoneshwa. Wakatoliki wengi wa jimbo letu wanashangaa nikiwaambia kwamba Juni 2015 Vatikani ilitia saini mkataba na Dola ya Palestina kwa jina hilo, ikiwa tayari na uhusiano wa kibalozi na Israeli tangu miaka ya 1990. Kijana wa sokoni na vitabu vyake vya sala angeshangaa pia.

Baada ya uhuru, Israeli ilikuja kwetu ikiwa rafiki. Wataalamu wake walisaidia vyama vya ushirika na miradi ya makazi vijijini, na Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa Julai 1963 walikuwa miongoni mwa waliolishauri. Vijana wa Rukwa waliopita kambi ya Milundikwa, wilayani Nkasi, wakalima na kuimba mchakamchaka, walikuwa ndani ya mfumo uliochota mawazo kutoka kwa Waisraeli. Zamani hiyo haikufutika, na ndiyo maana wapo wazee wa hapa wanaoisema Israeli kwa shukrani bila kugusa Biblia. Waliona kazi.

Kisha Juni 1967 Israeli ikateka Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu ya Mashariki, pamoja na Sinai na Golani. Oktoba mwaka huo, kwenye mkutano wa TANU mjini Mwanza, Nyerere alieleza msimamo wa nchi, nami nauona kuwa miongoni mwa mambo ya busara zaidi aliyowahi kuyasema kuhusu dunia ya nje. Alisema kuundwa kwa Israeli kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu, uliovumiliwa na mataifa kwa sababu ya mateso ya Wayahudi. Alisema vilevile kwamba Israeli sasa ipo na lazima ikubaliwe kuwa ipo. Na akasema ushindi wa vita haumpi mtu haki ya kutawala ardhi na watu wa wengine. Yote matatu katika hotuba moja. Leo watu huchukua mojawapo na kuyatupa mawili.

Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, na katika miaka hiyo PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ikapata ofisi Dar es Salaam, mji uliokuwa umejaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Tarehe 15 Novemba 1988 Yasser Arafat alitangaza dola ya Palestina mjini Algiers, mji ule ule wa Mapadri Weupe. Siku tisa baadaye Tanzania iliitambua. Makubaliano ya Oslo ya 1993 yalipoleta matumaini, uhusiano na Israeli ukarejeshwa mwaka 1995, na Mei 2018 ukafunguliwa ubalozi wetu Tel Aviv. Umoja wa Mataifa ulipoipa Palestina hadhi ya dola mtazamaji mwaka 2012, kwa kura 138 dhidi ya 9, Tanzania ilikuwa upande wa 138. Septemba 2025 Uingereza yenyewe, mdhamini wa zamani, iliitambua Palestina. Ilichelewa miaka 77 tangu ishushe bendera yake kule.

Watu wa Sumbawanga wanaona nini katika haya? Nimewasikiliza kwa muda mrefu. Wapo wanaosimama na Israeli kwa ahadi ya Maandiko, na makanisa mapya yameongeza idadi yao. Baadhi hutundika bendera yake madhabahuni. Wapo Waislamu wa mwambao wa ziwa, Kirando na Kabwe, ambao Al-Aqsa kwao ni msikiti wa tatu kwa utukufu, na Gaza ni ndugu. Wapo wanaokumbuka vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo na kuuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, na hawataki kusikia neno la kuitetea Hamas. Wapo walioona watoto wa Gaza wakitolewa kwenye kifusi, maelfu kwa maelfu, na hawataki kusikia neno la kuitetea serikali ya Israeli. Hao wa makundi mawili ya mwisho mara nyingi ni mtu yule yule, asubuhi na jioni.

Kuna hoja ya wakimbizi ambayo mkoa wetu wa Rukwa una haki ya kuizungumza. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo, ambako kulikuwa ndani ya Rukwa kabla Katavi haijamegwa mwaka 2012. Zaidi ya 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Jirani yangu mmoja huuliza: kama sisi maskini tuliweza, Waarabu wameshindwaje na Wapalestina? Swali ni zito, na nchi kadhaa za Kiarabu zina la kujibu, hasa Lebanoni. Lakini aliyetoka Katumba akitaka kurudi, Burundi ipo kwenye ramani na bendera yake inapepea. Uraia wa Tanzania ulimwongezea mlango. Mpalestina wa kambini akipewa uraia wa kwingine ili asahau kwao, anafungiwa mlango pekee alionao.

Wengine wanasema dola mbili zimeshashindikana, kwamba walowezi wa Ukingo wa Magharibi wameikata nchi vipande vipande, na kilichobaki ni dola moja yenye kura sawa kwa wote. Nawaelewa. Hata hivyo Wayahudi wengi wanaona dola ya namna hiyo ni kurudi katika hali ya kuishi kwa huruma ya wengine, na historia yao haiwaruhusu kuliona hilo kuwa jambo dogo. Mimi nabaki na Nyerere wa Mwanza. Israeli ipo na iwepo, na Wapalestina wapewe dola yao, kwa sababu Kifungu cha 22 kiliwaweka mbele yetu, na kwa sababu hakuna taifa linalopaswa kuishi miaka mia moja kwenye daraja A bila kuvuka.

Watu wa uwandani hawahitaji kufundishwa ugomvi wa ardhi. Mgogoro wa shamba la Malonje, kati ya wanavijiji na mwekezaji, umewafundisha mengi kuhusu ramani iliyochorwa na mtu asiyekula ulezi wa pale.

Niliporudi sokoni miezi kadhaa baadaye nilimkuta mzee wa Kirando peke yake, redio imezimwa. Nilimweleza habari za hati mbili na vifungu viwili. Alisikiliza huku akichambua dagaa.

"Hicho kifungu chao, kuna mtu aliwasomea kabla ya kutiwa saini?"

"Waliulizwa mwaka 1919, mzee. Ilikwenda tume ya Wamarekani, wakajibu kwamba hawataki nchi yao ifanywe hivyo. Majibu yao yakafichwa hadi 1922, hati imeshapita."

"Na sisi?"

"Sisi hatukuulizwa kabisa."

Alinipimia nusu kilo, akaongeza konzi moja juu ya mizani, akafunga mfuko.